Maneno Kwanza, Tarakimu Baadaye

Watu wengi hudhani kwamba mtoto ashindwaye na hesabu hajui kuzidisha wala kugawanya. Mara nyingi sivyo. Kuzidisha akujua barabara, walakini hakuyasoma vema maneno ya swali.

Tangu mwaka 1985 hata mwaka 2023, watoto wa Kenya waliomaliza shule ya msingi walifanya mtihani ulioitwa KCPE. Karatasi ya hesabu ilikuwa na maswali 50, nayo ilipewa muda wa saa mbili. Yaani kila swali lilipata dakika mbili na sehemu kidogo tu. Chini ya kila swali yaliandikwa majibu manne, na mtoto alichagua moja. Alama za mtihani huo ziliamua ataingia shule gani ya sekondari, kwa hiyo swali moja lililopotea halikuwa jambo dogo. KCPE imekwisha, lakini maswali ya aina hii yangali yakitolewa katika mitihani mingi, ya watoto na ya watu wazima.

Katika maswali hayo, yawategayo wengi ni yale yahusuyo tabia za namba: namba gani inagawanyika kwa namba gani, na nini hubaki. Mfano wake ni huu. Kengele tatu hulia kwa zamu: ya kwanza kila baada ya dakika 18, ya pili kila baada ya dakika 24, na ya tatu kila baada ya dakika 30. Zimelia pamoja saa mbili asubuhi. Je, zitalia tena pamoja saa ngapi?

Na afikiriwe binti wa mkulima, ameketi jioni na daftari lake, naye anaandika upesi: baada ya dakika 6. Baba yake hamkemei. Anamwuliza tu, "Mwanangu, dakika sita zikipita, ni kengele gani itakuwa imelia?"

Binti anatazama tena. "Hakuna hata moja, Baba."

Kosa lake si la kugawanya. Ametafuta namba kubwa iwezayo kuzigawanya zote tatu, hali swali lilitaka namba ndogo ambayo zote tatu zaweza kuigawanya. Basi kabla ya kuandika chochote yafaa mtu ajiulize: je, vitu hivi vinakutana, au vinakatwa? Vikiwa vinakutana, jibu haliwezi kuwa dogo kuliko namba kubwa iliyotajwa. Vikiwa vinakatwa mafungu yaliyo sawa, ukubwa wa fungu hauwezi kuzidi namba ndogo iliyotajwa.

Kengele zinakutana. Namba zake na zivunjwe katika namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe: 18 ni 2 × 3 × 3, 24 ni 2 × 2 × 2 × 3, 30 ni 2 × 3 × 5. Kila namba tasa huchukuliwa pale ilipotokea mara nyingi zaidi: 2 mara tatu, 3 mara mbili, na 5 mara moja. Zikizidishwa hupatikana 360. Dakika 360 ni saa sita. Kwa hiyo kengele zitalia tena pamoja saa nane mchana.

Swali la pili lina mtego mwingine. Mkulima ana kilo 84 za maharagwe na kilo 126 za mahindi. Ataka kuzitia katika mifuko yenye uzito ulio sawa, bila kuchanganya wala kubakiza, na kila mfuko uwe mzito kadiri iwezekanavyo. Je, atahitaji mifuko mingapi?

Hapa vitu vinakatwa. Njia nyepesi ni ile iliyoandikwa na Euclid, mtaalamu wa Iskanderia katika Misri, yapata miaka 300 kabla ya Kristo: namba ndogo itolewe katika kubwa, tena na tena, mpaka zilingane. 126 toa 84 ni 42. 84 toa 42 ni 42. Zimelingana. Binti anafurahi na kuandika 42.

"Swali limeuliza kilo," asema baba yake, "au limeuliza mifuko?"

Kila mfuko una kilo 42, lakini mifuko ni 5: miwili ya maharagwe na mitatu ya mahindi. Watungaji wa mitihani walijua kosa hili, na namba kama hiyo 42 yaweza kuwekwa miongoni mwa majibu manne, ikimngoja mwenye haraka.

Swali la tatu ni la miche. Ikipandwa minne minne kwa mstari, hubaki 3. Mitano mitano, hubaki 4. Sita sita, hubaki 5. Miche michache kabisa iwezayo kuwa hivyo ni mingapi? Mwenye kusoma polepole ataona kwamba kila mara mstari wa mwisho umepungukiwa na mche mmoja tu. Namba ndogo igawanyikayo kwa 4, 5 na 6 ni 60; toa mmoja, miche ni 59. Tena majibu yakiwa 57, 59, 61 na 63, kazi ni nyepesi zaidi: namba igawanywayo kwa 5 ikabakiza 4 sharti iishie kwa 4 au 9. Ni 59 tu.

Mzazi asiyekumbuka njia hizi aweza kumsaidia mwanawe kwa maswali matatu: Swali limeuliza nini? Jibu liwe kubwa au dogo kuliko namba zilizotolewa? Likirudishwa katika habari yenyewe, lafaa? Karani apangaye zamu na mkulima apimaye mazao hujiuliza hayo kila siku. Mtoto aliyezoea kujiuliza nyumbani hatatishwa na karatasi ya mtihani. Mwenda pole hajikwai.