Mvua ya Nyasubi Ipimwe Nyasubi

Nilipokuwa Nyasubi, mjini Kahama, mwishoni mwa kiangazi, kijana mmoja wa darasa la sita alinifungulia daftari lake akanisomea, pasipo kukosea neno, tofauti kati ya hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni hali ya anga mahali fulani kwa muda mfupi. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa miaka mingi, aghalabu 30. Nilipomwuliza mvua ya msimu uliopita ilianza lini hapo kwao, na ilikuwa kiasi gani, alinyamaza. Bibi yake, aliyekuwa akipepeta mtama kando yetu, ndiye aliyejibu: ilichelewa, ikaja kwa kishindo, kisha ikakatika mahindi yakiwa yanachanua.

Ndugu walimu, kijana yule hana kosa. Tumempa maana ya maneno, lakini hatujamwonyesha mambo yenyewe, na mambo yenyewe yako juu ya kichwa chake kila siku.

Somo hili laweza kuanzia pale pale alipo. Kahama iko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa iko karibu na Ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na ukanda wa mvua, mahali zinapokutana pepo za kaskazini na za kusini, hulifuata jua hilo kwa kuchelewa. Ndiyo maana mvua huanza Oktoba au Novemba, hulegea kati ya Januari na Februari, kisha hurudi hadi Aprili au Mei. Mwinuko nao hupunguza joto, kwa kuwa kila mtu apandapo mita 1,000 jotoridi hushuka kwa nyuzi 6 hivi. Kaskazini kuna Ziwa Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba zipatazo 68,800, ambalo huilisha hewa ya kanda hii unyevu.

Hewa yenye joto na unyevu ikipanda kwa nguvu, matone hubebwa hadi juu kwenye baridi ya kugandisha, yakarudi chini yakiwa mawe. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe na upepo iliipiga Mwakata, kijiji cha wilaya hiyo hiyo ya Kahama. Nyumba za udongo zilianguka, na watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha. Hiyo ilikuwa hali ya hewa ya usiku mmoja. Mwanafunzi wa Kahama asiyeweza kueleza jinsi mawe yale yalivyofanyika angani, somo hili bado halijamfikia.

Lakini wako pia watumishi wa umma ambao somo hili halijawafikia. Siku hizi kila mavuno yakipungua, taarifa ya ofisini husema sababu ni mabadiliko ya tabianchi. Dunia inapata joto, hilo halina ubishi. Hata hivyo, historia ya Shinyanga inatuonya tusikimbilie jibu moja. Katika miaka ya 1920 na 1930 misitu ilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kumfukuza mbung'o. Baadaye yakaongezeka mashamba ya pamba, mifugo na ukataji wa kuni, hata kufikia miaka ya 1980 watu wakauita mkoa huu jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambao uliwarudisha wananchi kwenye desturi yao ya ngitili, ya kutenga malisho na kuyaacha yapumzike. Miti ikaota tena.

Fundisho ni hili: ardhi iliyo uchi huipoteza mvua hata kama mvua haikupungua. Maji hutiririka yakachukua udongo, na mkulima akaona ukame. Basi mavuno yakipungua Nyasubi, je, mvua imepungua? Au ni ile ile, ila imenyesha kwa wiki chache badala ya miezi? Au ni ardhi isiyoyashika maji tena? Kila swali lina dawa yake: mbegu ya muda mfupi, tarehe nyingine ya kupanda, au majaluba na miti. Asiyekuwa na vipimo atatoa dawa kwa kubahatisha, na mkulima ndiye atakayelipa.

Kwa hiyo hatuna budi kupima, na shule ndipo mahali pa kuanzia. Kipima mvua ni chombo rahisi. Kisomwe kila asubuhi saa 3, na wanafunzi wapokezane zamu, likizo ikiwamo. Hesabu nayo itapata uhai: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye mita za mraba 200, likipata milimita 10, hukusanya lita 2,000, yaani ndoo 100. Mtoto akifanya hesabu hiyo atauliza mwenyewe kwa nini shule haina tangi.

Jambo moja tuliangalie sana. Daftari la mvua lisiwe mali ya mwalimu mmoja, likapotea siku ya uhamisho wake. Liwe mali ya shule, likabidhiwe kwa maandishi kama vitabu vya fedha, na nakala yake impelekee bwana shamba wa kata. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shule iwe sehemu ya maisha ya jamii inayoizunguka. Daftari hilo ni njia mojawapo, na gharama yake ni ndogo.

Kumbukumbu ya bibi yule ni hazina, lakini hatadumu milele. Tukianza msimu huu, kijana wake atakapokuwa mtu mzima mwenye wajukuu, Nyasubi itakuwa na miaka yake 30 iliyoandikwa, na hapo neno tabianchi litakuwa na maana kwao.