Makelele masikioni mwa vijana wetu: albamu tano tulizosikiliza



Juma hili tunajibu ulizo ambalo wamama wengi wametuletea, mmoja kisha misa, mwingine sokoni, wengine kwenye mlango wa shule: «Mtoto wangu anashinda na ekuteri masikioni, anasikiliza watu wanaolia kama wanyama. Ni muziki gani huo? Si wa shetani?» Muziki wenyewe unafika kwa telefone. Mara nyingi unatumwa na binamu walioko Marekani ao Ulaya, kisha vijana wanapitishiana wao kwa wao.

Ulizo hilo si la mchezo. Katika mitaa yetu, neno shetani likishatamkwa juu ya mtoto halirudi nyuma kwa urahisi. Linaanza na telefone kunyang'anywa, linafika kwenye chumba cha maombi, na kuna nyumba ambamo limeishia na mtoto kuitwa mchawi na kulala nje. Kwa hiyo hatukutaka kujibu kwa mambo ya kusikia kwa watu. Tumechukua albamu tano ambazo vijana wenyewe walitutajia, tumezisikiliza toka mwanzo hadi mwisho, na maneno yake tumeyasoma polepole, kamusi mkononi. Haya ndiyo maoni yetu.

Kwanza tujue majina. Metalikoa ni mtoto wa wazazi wawili: panki kali ya vijana wa Marekani wa miaka ya 1980, na hevi metali, muziki wa gitare nzito. Utaitambua mahali ambapo wimbo unapunguza mbio ghafula, gitare na ngoma zinaanguka pamoja, pigo kwa pigo, kama mchi kwenye kinu cha sombe. Shugeizi ni kitu kingine. Ilitokea Uingereza na Ayalandi mwishoni mwa miaka ya 1980. Maana ya jina ni kukodolea viatu macho: waandishi wa magazeti waliwacheka wapiga gitare waliokuwa wakiinamisha vichwa jukwaani. Kumbe walikuwa wakitazama vyombo vidogo vya umeme vilivyopangwa chini, ambavyo vinakanyagwa kwa mguu ili kugeuza sauti ya gitare.

Albamu ya kwanza: Loveless, ya kundi My Bloody Valentine, lililoanzia Dublin. Ilitoka mwaka 1991. Jina la kundi lina damu ndani yake, na hilo linatosha kumshitua mama. Lakini ndani hakuna damu yoyote. Kuna nyimbo za mapendo, zinazoimbwa kwa sauti ya mtu ambaye usingizi haujamwachia. Kiongozi wao, Kevin Shields, alitumia zaidi ya miaka miwili na kupita katika studio 19 ili kupata sauti hiyo ya gitare. Kwa masikio yetu ni kama kwaya inayoimba ndani ya nyumba ya mabati wakati mvua kubwa inanyesha: unajua wanaimba vizuri, lakini maneno yanapotea katika mvua. Kati ya tano, hii ndiyo nzuri kupita zote. Lawama yetu ni moja: kundi hilo linapiga kwa nguvu sana, hata katika maonyesho yao watu wamekuwa wakigawiwa vizibo vya masikio mlangoni.

Na tusidanganyane kwamba sauti iliyokwaruzika ni jambo la Wazungu. Hapa kwetu, Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu na kundi lake Konono N°1 walipiga likembe kwa umeme, na mikro zao walizitengeneza kwa sumaku za vyuma vya magari vilivyotupwa. Walitaka likembe isikike juu ya makelele ya mji, na sauti ikatoka imekwaruzika. Albamu yao Congotronics ilipotoka mwaka 2004, wapenzi wa roki huko Ulaya waliishangilia, wakisikia humo ukali uleule wanaoupenda katika gitare zao. Sisi tulikuwa tumeshacheza muziki huo zamani, na hakuna aliyeuliza una pepo gani.

Albamu ya pili: Souvlaki, ya kundi Slowdive la mji wa Reading, Uingereza. Ni ya mwaka 1993. Mama anayeogopa aanze na hii, maana hakuna anayepiga kelele ndani yake. Neil Halstead na Rachel Goswell, wanaoimba humo, walikuwa wachumba na walikuwa wameachana, na huzuni hiyo imeingia katika kila wimbo. Magazeti ya Uingereza yaliidharau sana wakati ule, kundi likavunjika. Mwaka 2014 walirudi jukwaani, wakakuta vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati albamu inatoka wanazijua nyimbo zake kwa moyo. Tunaipenda. Lakini, ajabu, katika albamu hizi tano hii yenye upole ndiyo tunayoiangalia kwa uangalifu zaidi. Mtoto ambaye moyo wake tayari uko chini, akiisikiliza peke yake gizani kila usiku, inaweza kumbembeleza abaki hukohuko chini.

Albamu ya tatu: The End of Heartache, ya Killswitch Engage, kundi la Massachusetts, Marekani. Ilitoka mwaka 2004, na jina lake maana yake ni mwisho wa maumivu ya moyo. Mwimbaji wa albamu hii ni Howard Jones, Mmarekani mweusi, mwenye sauti mbili katika koo moja. Kwa sauti ya kwanza anaunguruma. Kwa ya pili anaimba kama mwimbaji mkuu wa kwaya. Ni kama watu wawili wanazungumza, mmoja ameumizwa na mwingine anamtuliza. Vijana wengi wanadhani kuunguruma ni kupiga kelele ovyo. Sivyo. Ni ufundi unaofundishwa: pumzi inatoka tumboni, na ukali unatengenezwa na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, ili nyuzi zenyewe zisiumie. Huko New York kuna mwalimu wa sauti, Melissa Cross, anayejulikana kwa kufundisha jambo hilo. Anayeiga bila kujua anaharibu koo lake. Kasoro ya albamu: kisha nyimbo tano ao sita unajua njia. Anaunguruma, anaimba, anaunguruma tena. Tungependa watushangaze.

Albamu ya nne: Define the Great Line, ya kundi Underoath la Florida. Ilitoka mwaka 2006, na juma la kwanza iliingia kwenye nafasi ya pili katika orodha ya albamu zilizouzwa Marekani yote. Hapa ndipo ulizo la shetani linapata jibu la ajabu: wakati ule Underoath walijiita kundi la Kikristo, na kati ya nyimbo zao kali zaidi kuna maombi. Lakini ni maombi ya mtu anayezama, si ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha mbele kanisani. Tunaposoma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kumalizika katika giza, tunaelewa kwamba maombi ya namna hiyo si mageni. Miaka mingi baadaye wanamuziki hao walisema hawajiiti tena kundi la Kikristo. Basi jina la Kikristo peke yake halitoshi kumsafisha mtu, na sauti ya kuunguruma peke yake haitoshi kumhukumu. Kwetu ni albamu yenye nguvu, ngumu kwa masikio, na mtu haiingii kwa kusikiliza mara moja.

Albamu ya tano ndiyo iliyotufanya tuandike. Inaitwa Holy Hell, yaani jehanamu takatifu. Jina hilo mama akilisoma kwenye kioo cha telefone, tunaelewa kabisa akishituka. Ni ya kundi Architects la Brighton, Uingereza, na ilitoka mwaka 2018. Miaka miwili mbele, mnamo Agosti 2016, mpiga gitare wao na mtungaji wao mkubwa, Tom Searle, alikufa kwa kansa ya ngozi akiwa na miaka 28. Mpiga ngoma wa kundi ni Dan Searle, pacha wake. Waliobaki walichukua vipande ambavyo Tom aliviacha, wakaongeza vyao, na albamu nzima ni matanga ya pacha mmoja akimlilia mwenzake. Sam Carter anapolia kwa sauti ile kali, halii kwa kumtumikia shetani. Anamlilia rafiki.

Wamama, sisi tunajua kulia. Maiti ikifika nyumbani, mama wa marehemu anatoa sauti ambayo mgeni akiisikia kwa mbali atatetemeka. Anajigaragaza, anaita jina, anamuuliza Mungu kwa nini. Hakuna anayesema ana pepo. Tunamshika mikono, tunaketi naye chini kwenye mikeka. Kijana wetu naye amefiwa, lakini yeye tunamwambia: nyamaza, mwanaume halii. Basi anatafuta mtu wa kumlilia, na anampata ndani ya ekuteri.

Tunamjua kijana mmoja wa mwaka wa tatu wa humanite, aliyepoteza mdogo wake. Hakutoa hata chozi moja siku za kilio. Kisha akaanza kusikiliza albamu hii mchana na usiku. Mama yake alitaka kuichoma telefone. Tulimuomba aketi kwanza na mtoto, wimbo mmoja tu, na kijana amgeuzie maneno toka Kiingereza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Muziki huu ni mubaya.» Hakubadilisha mawazo juu ya gitare, na ni haki yake. Lakini toka siku ile jina la marehemu linatajwa tena mezani, jambo ambalo katika nyumba hiyo lilikuwa limekatazwa bila mtu yeyote kulikataza.

Hatusemi kila kitu ni kizuri. Katika muziki huu kuna nyimbo za matusi, na kuna zinazosifu mtu kujidhuru. Mzazi akizikuta, aseme hapana, na aeleze sababu. Lakini kijana asiyekula, asiyelala, aliyeacha rafiki zake na masomo, tusiseme muziki ndio umemuharibu. Mara nyingi huzuni imetangulia, muziki umefuata. Tumuulize juu ya huzuni.

Na yule anayekimbilia kumuita mtoto mchawi juu ya nyimbo anazosikiliza, ajue kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi mbele ya watu: kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Mchungaji ao mzazi, sheria haimbagui.

Inabaki hatari moja ambayo hatuioni midomoni mwa watu, nayo ni ya kweli: masikio. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma bila hatari, lakini ikifika desibeli 90, ni saa 4 tu kwa juma zima. Masikio ya watoto yanahitaji sauti ya chini zaidi. Hatuna chombo cha kupimia nyumbani, lakini kuna njia nyepesi: ukisimama karibu na mtoto, na wimbo unausikia ukitoka katika ekuteri zake, sauti imezidi. Mwambie apunguze. Usiku, telefone ilale sebuleni, na mtoto alale chumbani.

Basi, mama, jioni ya leo kaa karibu naye, umuombe ekuteri moja. Sikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, hata kama meno yanauma. Kisha uliza: «Huyu analia nini?» Jibu litakufundisha zaidi kuliko ukurasa wetu huu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya masomo ya jioni katika nyumba ambazo umeme unakatika. Mungu abariki jamaa zetu.