Kasindi: Asiyeona naye achague wimbo wake

Kasindi. Papa mmoja asiyeona, mkimbizi wa vita aliyepokelewa na familia moja hapa Lubiriha, alipewa simu ya kugusa na ndugu zake wa Butembo. Walimwekea na programu ya muziki ya intaneti. Nia yao ilikuwa njema. Leo simu hiyo inakaa kwa mjukuu. Mjukuu anachezea michezo, na papa anasikiliza kile mjukuu anachopenda, si kwaya za Kinande alizoziacha kijijini. Akiomba wimbo anajibiwa: ngoja, papa, mega zimeisha.

Mimi nasema wazi: huko si kumsaidia mzee. Ni kumpa mtoto simu kwa jina la mzee.

Wengi hapa wanasema kipofu hana shida na muziki, kwani muziki ni wa masikio. Hayo ni maneno ya mtu ambaye hajafunga macho akatafuta wimbo kwenye kioo laini. Hakuna kitufe cha kupapasa. Kidole kikiteleza kidogo, umempigia mtu simu usiku.

Mtaniambia kuna TalkBack. Ni kweli. Simu nyingi za Android zinayo ndani, bila malipo, nayo inasoma kwa sauti kila kitu kidole kinachogusa, kwa Kifaransa na hata kwa Kiswahili. Lakini muuzaji gani wa soko letu amewahi kuiwasha mbele ya mteja asiyeona na kumwonyesha? Ukiiwasha, simu inabadilika: unagusa mara moja isome, unagonga mara mbili ifungue. Asiyefundishwa anadhani imeharibika, anairudisha.

Na huyo aliyefundishwa, je? Spotify ilifika Congo mwaka 2021. Ili uhifadhi nyimbo na kuzisikiliza bila intaneti lazima ulipe, kisha simu iingie kwenye intaneti angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo zinajifunga. Kuzihamisha kwenye kadi memori ya redio, haiwezekani. Mtu aliyekimbia risasi na nguo moja mwilini atatoa wapi kadi ya benki?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ilikuwapo. Mwaka 2009 Apple walitoa iPod shuffle iliyotamka jina la wimbo, kitu kidogo kisicho na kioo kabisa. Mwaka 2017 wakaacha kuuza shuffle. Waliweza, wakaacha. Marekani walitengeneza pia Mighty, iliyobeba nyimbo za Spotify bila kioo, lakini ilitaka simu ya kuipakia na malipo ya kila mwezi. Victor Reader Stream ya Canada ina vitufe na inasema, ila bei yake ni mamia ya dola. Kwa nani hapa?

Basi tuangalie kilicho sokoni: kile kisanduku cha redio chenye vitufe, FM na tundu la flashi. Hakisomi majina ya nyimbo, hilo nakubali. Lakini mkono unakijua baada ya siku mbili, na mega hakili. Fungia uzi kwenye flashi: fundo moja ni kwaya, mafundo mawili ni rumba. Vijana wanaotia nyimbo kwa franka chache wanaweza kufanya hivyo leo leo.

Mashirika yanayogawa sufuria na maturubai, na ninyi wakubwa wa serikali, mnaposhusha misaada muulize nani haoni katika orodha. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu haikuandikwa kwa ajili ya Kinshasa peke yake. Tena kwa mkimbizi asiyeona redio si starehe tu. Ndiyo inayomwambia kama barabara ya Beni–Kasindi inapitika, na kama kule alikotoka kumetulia. Habari hiyo asiingojee mpaka mjukuu arudi kutoka mpirani.

Jumamosi tulimpelekea yule papa kisanduku kimoja na flashi mbili zenye mafundo. Alizipapasa, akachomeka ya kwaya mwenyewe, akaongeza sauti mpaka jirani akachungulia. Kisha akaniuliza: na Franco mmemweka kwenye fundo lipi?