Acheni Kutuambia Tuvute Hadi 128

Vijana wenzangu, na nyinyi pia wakufunzi na watu wa mashirika mnaosoma hapa, leo nina neno moja na sitalizungusha.

Kila darasa la kompyuta huku kambini ni hadithi ile ile. Mwanafunzi anafungua VirtualBox, anatengeneza mashine pepe, ile kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Anaweka Linux. Skrini inakuwa nzito, au inabaki kadirisha kadogo katikati, au inakuwa nyeusi tii. Anainua mkono. Jibu analopewa: nenda kwenye mipangilio ya Display, shika Video Memory, vuta hadi mwisho, 128. Halafu tia tiki kwenye 3D. Skrini isipopona? Eti laptopu yako ni mbovu.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina mkufunzi wala mwanafunzi. Laptopu nyingi za msaada zina skrini ya 1366 kwa 768. Kila kinukta cha rangi kinachukua baiti 4. Zidisha: 4,196,352. Ni kama megabaiti 4 tu! Hata skrini ya 1920 kwa 1080 haifiki megabaiti 9. Kwa hiyo megabaiti 16 zinatosha skrini moja ya kawaida na chenji inabaki. Hiyo kumbukumbu ni ndoo ya kuwekea picha. Ukileta ndoo kubwa, bomba halitoi maji kwa kasi zaidi.

Sasa uzito unatoka wapi? Desktopu za kisasa kama GNOME zimejaa vivuli na madirisha yanayoteleza, kazi ya kadi ya picha. Ndani ya mashine pepe, kama 3D haifanyi kazi, prosesa ndiyo inayochora kila kitu, na prosesa yenyewe ni ya miaka kumi iliyopita. Hapo hata ukivuta mpaka kidole kichubuke, hakuna kitu. Weka desktopu nyepesi kama XFCE, utaona tofauti siku hiyo hiyo.

Kale kadirisha kadogo nako hakana uhusiano na 128. Kwa kawaida ni kwamba mgeni hajawekewa Guest Additions, programu zinazomfundisha kuelewana na mwenyeji. (Ndiyo, VirtualBox nayo ina mgeni na mwenyeji. Sisi haya maneno hatuhitaji kutafsiriwa.)

Na skrini nyeusi, kabla ya kulaumu laptopu, angalia Graphics Controller. Linux ya leo inataka VMSVGA, iliyokuja na toleo la 6.0 mwishoni mwa 2018. Windows kuanzia 7 inaelewana na VBoxSVGA. VBoxVGA ni ya mifumo ya zamani. Lakini vitini tunavyopewa vimenakiliwa kutoka vitini vilivyonakiliwa, vingine ni vya kabla ya 2018, na hakuna aliyejisumbua kuvifungua upya. Ukiona giza, zima mashine, badilisha hapo, toa tiki ya 3D, washa tena.

Najua kuna atakayesema: mbona mimi nilivuta na ikakubali? Sawa. Ukitumia Windows na 3D, 128 ina maana. Ukiwa na skrini mbili tatu, au moja kubwa ya 4K, ongeza. Nani huku ana skrini ya 4K? Tena hiyo kumbukumbu inakatwa kwenye RAM ya mwenyeji. Ukiwasha mashine tatu za zoezi la mtandao kwenye laptopu ya gigabaiti 4, kila moja na 128 yake, umetupa mamia ya megabaiti kwa ajili ya skrini ambazo hata huziangalii.

Kinachoniuma hasa ni hiki. Wengi wetu tunasomea hii kazi ili siku moja tutunze seva za watu, kwa sababu ni kazi inayoweza kufanywa kutoka mbali, hata kutoka huku. Seva haina desktopu! Debian bila desktopu inaridhika na RAM ya gigabaiti moja. Unaiwasha bila dirisha lolote:

VBoxManage startvm seva1 --type headless

Halafu unaelekeza mlango 2222 wa mwenyeji uende 22 wa mgeni, unaingia kwa SSH, unafanya kazi. Hakuna skrini ya kugombana nayo. Laptopu ile ile iliyoitwa mbovu inabeba seva mbili. Lakini darasani wiki nzima inaisha tukipigana na picha ya ukutani ya Ubuntu, na dada au kaka aliyekata tamaa Jumatano, Alhamisi harudi. Kwenye ripoti anaandikwa "ameacha masomo". Hakuacha, alifukuzwa na jibu bovu.

Watu wa mashirika, bajeti ya fulana na mabango ya mahafali mnayo kila mwaka. Safari ijayo nunueni vijiti vya RAM, gigabaiti 4 za kuongeza kwa kila laptopu inayokubali. Na kabla ya kumlipa mkufunzi, muulizeni swali moja: kwa nini 128? Akijibu "ndivyo tunavyofanyaga", mwambieni arudi baada ya kupiga hesabu.