Vitofali vya zamani vina kazi yake

Mzazi, ule mfuko wa vitofali vya plastiki ulioachwa na watoto wakubwa, usiutupe. Vitofali vya LEGO vinashikana kwa mtindo uleule tangu 1958, kwa hiyo cha zamani na kipya huungana bila shida.

Mtoto mwenye vigari vidogo anaweza kuvijengea mandhari ya Tanga: stesheni ya reli, ambayo ujenzi wake ulianzia hapa 1893, na lori la mkonge likielekea bandarini. Kwanza apime. Vigari vingi vya urefu wa sentimita 7 hivi ni vidogo mara 64 kuliko gari halisi. Ukuta wa mita 3 unakuwa basi vitofali vitano tu kwenda juu. Msingi uwe boksi gumu, lami karatasi nyeusi, na pembeni abandike mchanga wa Raskazone kwa gundi.

Lakini mwenye mtoto mchanga nyumbani awe macho. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, kilitangaza kuwa vitu vya kuchezea vya mitumba vilivyopimwa, vikiwemo vitofali vya zamani, vingine vilikuwa na sumu kama risasi na kadimiamu, hasa vya rangi nyekundu, njano na nyeusi. Tena kitofali kidogo humkaba mtoto koo.

Ndiyo maana mandhari yanavifaa: kaka ajenge, anawe mikono, kazi iwekwe juu ya kabati. Mdogo wake ataifaidi kwa macho.