Nyota Nyekundu Juu ya Ufipa

Katika miezi ya kipupwe, mvua zikiwa zimekwisha kitambo na mahindi yamevunwa, anga ya Kaengesa huwa safi kwa namna ambayo watu wa miji mikubwa wamekwisha kuisahau. Kwani uwanda wa Ufipa, ambao sehemu yake kubwa imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupata wakati huo hewa kavu na baridi, na taa za umeme zingali chache. Nadai kwamba anga hii ni mali ya shule zetu, na kwamba si haki mwanafunzi wa huku ajifunze maisha ya nyota kwa mchoro wa ubaoni hali nyota zenyewe zi juu ya paa la darasa lake.

Natwaa mfano wa nyota ziitwazo na wanafalaki majitu mekundu. Mwenye kutoka nje baada ya Isha katika Julai ataiona juu sana, katikati ya kundi la Nge, nyota nyekundu ambayo mabaharia wa pwani waliiita Kalbu Akarabu. Na akiamka kabla ya alfajiri ataiona Kilimia ikipanda mashariki, na Dabarani, nyota nyekundu nyingine, ikiifuata nyuma.

Ama wekundu huo una sababu, nasi hapa hatuna haja ya kuiazima sababu hiyo ng'ambo. Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika matanuri marefu kuliko kimo cha mtu, yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa kwa matundu ya chini pasipo mivukuto. Na magofu yake, ambayo mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyafanyia utafiti, yangalipo. Mhunzi hakuwa na kipimajoto, illa jicho lake lilijua kwamba chuma chekundu hakijafikia moto wa chuma cha manjano, wala cha manjano hakijafikia cheupe. Kanuni iyo hiyo yatawala mbinguni: uso wa Jua una nyuzi za Selsiasi 5,500 hivi, na wa Dabarani 3,600 hivi tu. Nayo Dabarani, japo imepoa, hung'aa zaidi ya mara 400 kuliko Jua, kwa kuwa upana wake ni kama mara 44 ya upana wa Jua; na nuru yake tuionayo leo iliondoka huko yapata miaka 65 iliyopita, siku ambazo Tanganyika ilikuwa ikiungojea Uhuru.

Chanzo cha kuvimba huko ndicho kinistaajabishacho kuliko yote. Nyota huishi kwa kuunganisha haidrojeni kuwa heli katika kiini chake. Na haidrojeni ya kiini ikiisha, kiini hakipoi, bali hulemewa na uzito wake, hujikunja, na kwa kujikunja huzidi moto, hata haidrojeni iliyokizunguka ikawaka kwa nguvu kuliko kilivyopata kuwaka kiini chenyewe, na matabaka ya nje yakasukumwa, yakavimba, yakapoa, yakawa mekundu. Kiini kifikapo nyuzi milioni 100 hivi, heli nayo huanza kuungana kuwa kaboni na oksijeni. Na mwishowe matabaka ya nje hutawanyika angani, kikasalia kiini kitupu chenye ukubwa kama wa Dunia. Jua letu, lenye umri wa miaka bilioni 4.6, litashika njia hiyo baada ya miaka bilioni 5 hivi, liimeze Utaridi na Zuhura, na yamkini Dunia pia.

Kalbu Akarabu ni ya ukoo mwingine, mzito zaidi. Kiini chake kitaendelea kuunganisha hata kifikie chuma, ambacho kukiunganisha hakutoi nguvu yoyote. Hapo kiini kitaporomoka kwa muda usiotimia sekunde moja, na nyota italipuka. Hata chuma walichokitoa wahunzi katika udongo wa Ufipa kiliundwa katika nyota na milipuko ya nyota zilizotoweka kabla ya Jua kuwapo. Mtoto wa Kifipa ana haki ya kuambiwa hili, tena aambiwe akiwa karibu na tanuri la mababu zake.

Najua litakalosemwa: mkulima wa mahindi na maharage ana haja ya mbolea kuliko falaki. Lakini wakulima wa zamani walioitazama Kilimia wapate kujua majira hawakuitenga anga na jembe, na somo ninaloliomba halina gharama. Basi walimu wa sekondari na wa seminari, Kaengesa na kwingineko Ufipa, wachague usiku wa Julai usio na mwezi, wawatoe wanafunzi uwanjani na mablanketi yao, wawaamuru kuandika rangi za nyota kumi na kuzipanga kwa joto lake, kisha asubuhi wawapeleke kwenye magofu ya malungu yaliyo karibu nao, na daftari zile zile mkononi.