Kitabu Kiwe Mwamuzi: Michezo ya Kukisia Katika Likizo za Watoto

Toleo hili linahusu michezo ya kukisia ambayo watoto huicheza kwa makundi wakati wa likizo, na ambayo kinachofumbwa na kufumbuliwa ndani yake ni mhusika, tukio au mahali palipotajwa katika kitabu cha hadithi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba michezo hii inaweza kukifanya kitabu kimoja kuwa mali ya watoto wengi kwa wakati mmoja, lakini nguvu hiyo hupotea pale mchezo unapochezwa bila kitabu chenyewe kuwapo mkekani.

Msingi wa mchezo huu si mgeni kwa Mswahili. Kitendawili, yaani fumbo fupi linalotegwa mbele ya hadhira ili liteguliwe, kina utaratibu ambao watoto huujua kabla hawajaanza shule: mtegaji hutangaza "Kitendawili!", wenzake huitika "Tega!", na wakishindwa hutakiwa kutoa mji, ambao mtegaji huupokea, hujisifu jinsi alivyokirimiwa huko, ndipo hutoa jibu. Katika utaratibu huu kushindwa kumeandaliwa nafasi yake, kwa kuwa aliyeshindwa hafukuzwi uwanjani bali hulipa kwa mji wa kubuni na kuendelea kucheza, na kwa kuwa fumbo hutegewa kundi zima, mtoto mdogo husikia wakubwa wake wakifikiri kwa sauti. Yapo mashindano ya maarifa ya vitabu yanayofuata njia nyingine, kama vile Kids' Lit Quiz, yaliyoanzishwa New Zealand mwaka 1991 na Wayne Mills na kuenea katika nchi kadhaa, ambamo timu za watoto wanne wanne hushindania alama. Mashindano hayo yana heshima yake, lakini huwafaa zaidi watoto ambao tayari wamesoma mengi, ilhali mchezo wa likizo unatakiwa kumwingiza katika kusoma yule ambaye hajaanza.

Hali ya Kamanga inaonyesha kwa nini tofauti hiyo ni nzito. Kamanga iko katika Wilaya ya Sengerema, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, na kwa miaka mingi imefahamika kwa kivuko chake kinachoiunganisha na jiji la Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wasafiri wengi wa barabara adha ya kungoja vivuko, lakini Maktaba ya Mkoa wa Mwanza ingali ng'ambo, na mtoto anayeihitaji bado anahitaji nauli. Likizo za Juni na Desemba, ambazo ndizo ndefu, haziwi tupu kwa mtoto wa pwani ya ziwa: kuna dagaa wa kuanikwa mwaloni, maji ya kuchotwa, ng'ombe wa kuchungwa na wadogo wa kulelewa. Mchezo unaomfaa mtoto huyo ni ule unaoweza kukatizwa anapoitwa nyumbani na kuendelea anaporudi, usiohitaji umeme, na unaotosheka na nakala moja ya kitabu.

Namna ya kutega ndiyo inayoamua kama mchezo utafundisha kusoma au utafundisha kukariri majina. Kitabu cha Shaaban Robert, Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ni mfano mzuri. Mtegaji anayeuliza mwandishi wake ni nani anapima kumbukumbu tu, na swali lake hufa linapojibiwa. Mtegaji anayesema kuwa yuko mtawala asifiwaye kwa wema, naye kila usiku huwachapa manyani wawili, anafungua mlango, kwa sababu aliyesoma atataja jina, na asiyesoma atataka kujua inakuwaje mtu mwema atende hivyo. Mtoto makini anaweza hata kuhisi manyani hao ni nani kutokana na jina la kitabu lenyewe, mwenzake akakataa na kumdai ushahidi, na hapo ndipo kitabu kinapofunguliwa na ukurasa kusomwa kwa sauti mbele ya wote. Dakika chache hizo za ubishi ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika mchezo mzima, kwa kuwa watoto husoma wakiwa na haja ya kujua, na mwamuzi wao si mwalimu wala mkubwa wa kundi, bali maandishi.

Ziwa lenyewe lina hazina yake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe ilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Riwaya hiyo ni ndefu mno kwa mtoto wa shule ya msingi, lakini vipande vilivyochaguliwa kwa uangalifu, kama kile cha Myombekere kudaiwa pombe na wakwe zake ili arudishiwe mkewe, vinafaa sana kutegwa, kwa kuwa bibi aliyeketi karibu anaweza kuingia mchezoni kama shahidi wa desturi, akaeleza kwa Kikerewe, Kizinza au Kisukuma jambo ambalo kitabu kimelisema kwa Kiswahili.

Wapo wazazi wanaoona kuwa likizo ingetumika vyema zaidi kwa masomo ya ziada, na hofu yao ya mitihani haistahili kubezwa. Hata hivyo, mtoto anayesoma kwa kusitasita hasaidiwi na maswali zaidi ya mtihani ambayo hawezi kuyasoma vizuri. Anasaidiwa na sababu ya kusoma tena na tena.

Kikwazo kikubwa kiko mahali pengine. Shule inapofungwa, kabati la vitabu vya hadithi nalo hufungwa katika ofisi ya mwalimu, na vitabu hukaa bila msomaji katika majuma yaleyale ambayo watoto wana nafasi ya kuvichezea na kuvisoma. Kinachopendekezwa ni kwamba, kabla ya likizo ya Desemba, kamati ya shule ikubaliane na mtu mmoja aishiye karibu na watoto, awe mwalimu, mzee wa kitongoji au mwanafunzi wa sekondari aliyerudi nyumbani, akabidhiwe vitabu vichache pamoja na daftari la kuazimia, na kwamba kundi linaloshindwa kutegua, baada ya kutoa mji, ndilo lipewe haki ya kulala na kitabu hadi kesho yake.